Mguu Hauna Pua

Atembeleaye Durban, Afrika Kusini, asiishie kwenye Msikiti wa Juma wa Grey Street. Afike Chatsworth, wanakoishi Waislamu waitwao Wazanzibari. Wazee wao, wengi wakiwa Wamakua wa Msumbiji, waliokolewa katika majahazi ya watumwa wakashushwa Durban kuanzia mwaka 1873. Walikaa Kings Rest, upande wa Bluff, hadi sheria za ubaguzi zilipowahamisha miaka ya 1960.

Wazulu, wenyeji wa nchi ile, husema: "Unyawo alunampumulo", yaani, mguu hauna pua. Haunusi uendako, leo wampokea mgeni, kesho ni wewe ubishaye hodi. Wazee wale wa 1873 waliyajua hayo kuliko yeyote. Tena Wazulu husema tumbo la msafiri ni dogo, kama figo ya ndege. Figo ya ndege, mama zangu!

Nasi tunayo yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku hizi jamaa asiyepiga simu kwanza hununiwa, wala si kwa uchoyo. Mwenye nyumba huona haya kwamba jikoni hamna biriani. Kwa kipimo cha Wazulu, mkate mmoja wa mofa na chai ya rangi vyatosha kabisa.