Mtoto Asiyesema Naye Anajua



Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na huu ni mwaka wangu wa nne nikifundisha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule moja ya msingi mjini Isiolo. Mji huu ndio lango la kaskazini mwa Kenya. Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana upande wa kusini. Ukigeuka kaskazini ni nchi kavu mpaka Marsabit na mbele yake. Darasani mwangu mna watoto 11, wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kimeru, wenye umri wa miaka 6 hadi 9. Baadhi yao wana usonji, baadhi wana mtindio wa ubongo, na wengine fahamu zao huenda kwa mwendo wake. Watatu hawasemi kabisa.

Watu wengi hustaajabu wakisikia kwamba watoto hawa hufundishwa sayansi. Huuliza: asiyeweza kushika kalamu atafunzwa nini kuhusu maji na joto? Jawabu langu ni kwamba atafunzwa maji kwa maji, na joto kwa joto.

Huchukua chupa mbili za maji. Moja huivika kitambaa kilichorowa, nyingine huiacha kama ilivyo, na zote huziweka kivulini penye upepo. Baada ya muda watoto huzishika na kuzigusisha mashavuni, nao hawakosi kuitambua iliyo baridi zaidi. Maji ya kitambaani yanapogeuka mvuke huondoka na joto la chupa. Ndiyo siri ya mtungi wa udongo wa bibi zetu, ambao maji huupenya polepole na kukaukia nje. Hapa Isiolo hewa ni kavu, kwa hiyo maji hupoa upesi kuliko kwetu pwani, ambako hewa imejaa unyevu.

Siku nyingine hutia yai bichi katika maji ya kawaida, likazama. Nikakoroga chumvi nyingi, likaelea. Hulaza choroko ndani ya pamba yenye unyevu, na baada ya siku chache watoto hupapasa mzizi ulioanza kutoka. Kwa mtoto asiyesikia, humwaga punje za mchele juu ya ngozi ya ngoma, kisha nikaipiga; huko kurukaruka kwa punje ndiyo sauti anayoiona kwa macho yake.

Njia hii si mpya. Daktari Maria Montessori wa Italia, kabla ya kufungua shule yake mashuhuri mjini Roma mwaka 1907, alifanya kazi na watoto waliodhaniwa hawafundishiki. Alijifunza kutoka kwa matabibu wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, akawapa watoto wake herufi za msasa wazifuatishe kwa vidole. Kwetu Kenya, taasisi ya kitaifa ya elimu maalumu, KISE, imekuwa ikitayarisha walimu wa fani hii tangu mwaka 1986.

Hata hivyo, si kila mzazi anayeona haya kuwa ni masomo. Muhula huu baba mmoja alikuja kumchukua binti yake wa miaka 7, mmoja wa wale watatu wasiosema. Alinena kwa upole, lakini alikuwa amekwisha kukata shauri. "Mwalimu, miaka miwili sasa, na hajaandika hata herufi moja. Afadhali akae nyumbani na nyanya yake."

Sikubishana naye. Nilimwomba aketi mpaka kipindi kiishe. Siku hiyo tulikuwa na vibuyu viwili vitupu, vya umbo moja: kimoja kimefukizwa kwa moshi wa kuni, kama wafugaji wafanyavyo ili maziwa yakae na yapate ladha, na cha pili kimeoshwa kwa maji tu. Mbele yake niliweka kipande cha mkaa na kikombe cha maji. Binti alinusa kibuyu cha kwanza, akakisogeza kwenye mkaa. Alinusa cha pili, akakiweka kando ya kikombe. Nilivichanganya nyuma ya mgongo wangu mara tatu, na mara zote tatu hakukosea.

Mama yake ni miongoni mwa wanawake wanaokusanya maziwa ya ngamia yanayosafirishwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Baba alikaa kimya, kisha akasema, "Kazi hiyo mama yake huifanya kila alfajiri. Sikujua kama huyu huangalia."

"Huangalia, mzee, na huelewa," nikamwambia. "Ila hujibu kwa mikono."

Aliniahidi kumwacha mpaka muhula uishe. Zimebaki wiki tano, nami sijui ataamua nini baadaye.

Ndugu zangu wa pwani, mwenye mtoto wa namna hii asisubiri vifaa vya gharama. Jikoni mwenu mna iliki, karafuu na mdalasini: tieni kila kiungo katika vichupa viwili, mtoto avilinganishe kwa pua. Mna barafu, mna mchanga, mna beseni. Msimlazimishe anayechukia kugusa kitu chenye majimaji. Mpeni kijiko kwanza, kidole kitafuata siku yake ikifika. Asiachwe peke yake na punje ndogo, zisije zikaingia puani au sikioni. Na mkisha kumwonyesha jambo, nyamazeni kidogo mumtazame, kwani jawabu lake huenda likaja kwa jicho, kwa kicheko, au kwa kibuyu kilichosogezwa mahali pake.