Baiolojia ya Porini Tabora

Pale Tabora baiolojia ilikuwa na heshima yake. Walimu hawakuchoka kutukumbusha kwamba Julius Nyerere, aliporudi kutoka Makerere mwaka 1945, alifundisha baiolojia katika shule ya St. Mary's, ambayo sasa ni Milambo, kabla hajaenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Mwanafunzi aliyelegea katika somo hilo aliambiwa anauaibisha mji mzima. Nasi tulilishika kwelikweli, mwishoni mwa ile miaka ya themanini, kwa madaftari na kwa kukariri.

Hadubini zilikuwa chache, za aina ile yenye kioo chini unachokigeuzageuza mpaka kinase mwanga wa dirishani. Wiki ya kusoma kugawanyika kwa seli, kila kundi lilikalisha kitunguu kwenye mdomo wa gilasi ya maji, kikaachwa hadi kitoe mizizi. Mwalimu alikata ncha kwa wembe, milimita chache tu, akazilainisha kwa tindikali, akazitia rangi nyekundu iliyonuka siki, akafunika kwa kioo chembamba na kubonyeza kwa kidole gumba. Zamu yangu ilipofika niliziona seli zimepangana kama matofali ya ukuta. Nyingi zilikuwa zimetulia, kiini kimoja cha duara katika kila seli. Lakini hapa na pale kiini kilikuwa kimetoweka na kromosomu zimejitokeza, nyingine zimejipanga katikati, nyingine zimeshaachana, nusu zikivutwa huku na nusu kule. Kitunguu kina kromosomu 16, mwanadamu 46, na kila seli inayozaliwa lazima ipate hesabu kamili. Kukua ndiko huko: mzizi unarefuka na mtoto anaongezeka kimo kwa sababu seli zinagawanyika, kisha zinatanuka, kisha kila moja inashika kazi yake.

Mfumo wa neva tuliusoma kwa imla. Jozi 12 za neva zitokazo kwenye ubongo, jozi 31 zitokazo kwenye ugwe wa mgongo. Kitu pekee tulichokifanya kwa vitendo ni kumketisha mwenzetu juu ya meza, miguu inaning'inia, na kumgonga chini ya goti ili mguu uruke wenyewe. Mwalimu alieleza kuwa taarifa imefika ugwe wa mgongo na amri imerudi kwenye msuli bila kusubiri shauri la ubongo. Kisha akasema sentensi moja ambayo wengi waliiandika na kuipita: seli nyingi za neva zikishakomaa hazigawanyiki tena. Kidonda cha ngozi hupona kwa kuwa seli za jirani hugawanyika na kuziba pengo. Seli ya ubongo ikifa, nafasi yake kwa kawaida haijazwi.

Maana ya sentensi hiyo niliipata kwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mrina asali. Kila kiangazi aliingia na wenzake kwenye miyombo ya upande wa Urambo, wakapiga kambi huko wiki nyingi na kurudi na asali na nta. Mwaka huo alirudi na homa, na kidonda kilichovimba nyuma ya shingo. Zahanati ikampa klorokwini. Homa ikashuka, ikarudi, ikashuka tena. Nilipofika likizo nilimkuta amelala saa sita mchana, tonge la ugali bado liko mkononi. Usiku, watu wote wakiwa wamelala, yeye alizunguka uani akizungumza peke yake. Asubuhi nilimsalimu, “Mwangaluka, mjomba,” na jibu lilichukua muda mrefu kuja, kutoka kwa mtu aliyekuwa na maneno mepesi kuliko wote nyumbani. Majirani walisema karogwa. Shangazi hakubishana na mtu; alitafuta usafiri, tukampeleka hospitali.

Wakampima damu, wakampima na maji ya uti wa mgongo. Mpimaji alipojua kuwa mimi ni mwanafunzi wa baiolojia alinivutia kiti mbele ya hadubini. Mle katikati ya chembe nyekundu kulikuwa na viumbe vyembamba vinajinyonganyonga, vinasukuma chembe huku na huku. Kimoja kilikuwa kinene kuliko vingine na kilikuwa na mikia miwili. “Hicho kinajigawa,” akaniambia. “Kinapasuka kwa urefu, vinakuwa viwili.”

Yalikuwa malale. Kimelea chake, tripanosoma, huingizwa na ndorobo, yaani mbung'o, anapouma, kisha hugawanyika ndani ya damu, mara kwa mara kikibadilisha koti lake la protini ili kinga ya mwili isikitambue. Ndiyo maana homa huja na kuondoka. Aina ya kwetu Afrika Mashariki hukimbia: katika wiki chache au miezi michache huwa imeshavuka kuingia kwenye ubongo na kuvuruga majira ya kulala na kuamka. Seli moja inayojua kugawanyika imeingia katika nyumba ya seli zisizogawanyika. Sura mbili za daftari langu zilikuwa zimelala kitanda kimoja.

Dawa ya hatua hiyo ilikuwa melasoproli, yenye arseniki ndani yake. Ilichomwa kwa sindano ya kioo kwa kuwa huyeyusha plastiki, na mjomba alisema ni moto unaopita mshipani. Katika kila wagonjwa 100 iliua watano hivi. Mjomba alipona. Usingizi wake ulirudi usiku unakotakiwa, ila wepesi wa maneno haukurudi wote.

Muhula uliofuata tulipelekwa Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Tulielezwa habari za Stanley na za misafara. Hakuna aliyetueleza kwamba Livingstone huyo huyo aliandika mwaka 1858, katika jarida la madaktari la Uingereza, jinsi alivyojaribu kumtibu farasi aliyeumwa na mbung'o kwa arseniki. Wala kwamba mdudu huyo alichangia kufanya njia nzima kutoka Bagamoyo hadi Ujiji iwe njia ya mabega ya watu. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa porini, kwa hiyo pembe na vitambaa vilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, babu zetu. Kwa maoni yangu hilo lilistahili kipindi kizima cha baiolojia, palepale chini ya miembe.

Leo malale yamepungua sana, na tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii ya kwetu pia. Lakini ndorobo bado wamo, na pongo na wanyama wengine wa porini bado wanabeba kimelea bila kuugua. Ukitoka kurina asali au kuchunga katika mapori ya Urambo na Kaliua, na homa ikakataa kusikia dawa ya malaria, usikae nyumbani kungoja. Mwambie daktari wazi kwamba uliumwa na ndorobo, na uombe damu yako ipimwe malale.