Msanii Hukumbukwa kwa Kuigizwa

Kwetu Uzaramoni, mtani akifika msibani hatulii mkekani na wafiwa. Huomba kanzu ya marehemu akaivaa, hushika bakora yake, hutembea kwa mwendo wake, hukohoa kikohozi chake, na hudai apewe chake ndipo jeneza lipite. Wafiwa hucheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani, na darasa langu la kwanza lilikuwa hapo, misibani Kisarawe. Kwa watani nilijifunza jambo ninaloliamini hadi leo: mtu aliyeishi kwa mwili na sauti hukumbukwa vizuri zaidi kwa mwili na sauti ya mwenzake.

Kikundi chetu huzunguka Kisarawe mjini, Maneromango, Mlandizi na Mailimoja. Tunacheza kwenye harusi, mahafali ya shule na kumbi za baa, na wakati mwingine uwanjani tukiwa na spika mbili tu. Kila onyesho tunatenga nafasi ya waliotutangulia. Mmoja wetu humtaja msanii kwa jina la nyumbani na la jukwaani, akaeleza kwa ufupi alikuwa nani, kisha tunacheza kichekesho tulichokitunga wenyewe kwa mtindo wa msanii huyo. Kazi hiyo ndiyo ninayoitolea ushuhuda hapa, kwa kuwa nimeona inavyofanya kazi.

Wasanii wengi wa rika la walimu wangu walicheza mahali pasipo na kamera. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, aliyetaka kumwona mchekeshaji alilipa kiingilio. Muungano, kikundi alichokianzisha Norbert Chenga mwaka 1980, na Tanzania One Theatre (TOT), iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, vilimpa mtazamaji kila kitu kwa tiketi moja: ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo, na taarabu. Mchekeshaji aliingia jasho la wanasarakasi likiwa bado sakafuni. Baa ina kelele, wahudumu wanapita na chupa, na yeye ana dakika chache za kuwafanya watu wageuze viti. Baadaye ushindani wa TOT na Muungano ulipohamia kwenye taarabu, muda wa vichekesho ulizidi kufinywa. Vibanda vya video na televisheni vikaja vikachukua watazamaji wengi. Waliokuwa mabingwa wa dakika zile chache wakabaki na sifa vichwani mwa watu, bila hata kanda moja.

Onyesho la namna hiyo, lenye kila kitu ndani yake, lilikuwepo Marekani likiitwa vaudeville, na Uingereza likiitwa music hall. Buster Keaton alikulia kwenye majukwaa hayo akicheza na wazazi wake, na Charlie Chaplin alitokea huko kabla ya kuingia kwenye filamu mwaka 1914. Wao walikutana na kamera wakiwa bado vijana. Hata hivyo, utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa karibu asilimia 70 ya filamu ndefu za Kimarekani za enzi ya filamu bubu zimepotea. Ikiwa wenye mitambo wamepoteza kiasi hicho, sisi wa jukwaa la mbao tuna haja kubwa zaidi ya kufundishana kwa mwili.

Vijana wangu ninawaanzisha na Rashidi Mfaume Kawawa, nao hushangaa. Wanamjua kama Waziri Mkuu, Simba wa Vita, aliyefariki mwaka 2009. Hawajui kwamba miaka ya 1950 mwanzoni, alipokuwa mtumishi wa ustawi wa jamii, alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, ya mshamba anayeingia Dar es Salaam. Kijana mmoja aliniuliza, "Mama, Waziri Mkuu nitamwigizaje? Si utovu wa adabu?" Nikamjibu, "Mwanangu, mwenyewe alikubali kuwa mshamba mbele ya kamera. Heshima yake imo humo." Nikampa zoezi: shuka kwenye basi la Kisarawe, uone mji, usiseme neno. Watazamaji waangue kicheko kwa namna unavyoshika mzigo wako. Akihangaika na zoezi hilo siku kadhaa, kijana huacha kudhani kuwa kuchekesha ni kupiga kelele.

Kisha tunakwenda redioni. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam walichekesha nchi nzima bila kuonekana. Ninawafumba vijana macho kwa khanga, wawili wawili, wazungumze. Tunasikiliza kama sauti zinatofautiana kabla jina halijatajwa, na kama mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kumalizia. Kwa wachekeshaji wawili, anayeuliza swali la kijinga kwa uso mkavu ndiye anayebeba kichekesho, ingawa makofi humwendea mwenzake. Tukicheza Mailimoja, malori ya barabara ya Morogoro yakinguruma nje, tunamkumbusha mtazamaji pia Mkwaju, dereva wa lori katika Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1993 ukizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Wazee hulitambua jina kabla hatujamaliza sentensi, na wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe juu ya tabia zake. Hapo kumbukumbu imefanya kazi: hadhira yenyewe imeingia mchezoni.

Kwa waliofika kwenye televisheni, somo ni jingine, kwa kuwa picha zao zipo na ni rahisi kuiga uso ukaacha ufundi. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, alijua kupandisha hasira ngazi kwa ngazi. Anayeanza kwa kufoka hana tena pa kupanda. Said Ngamba, Mzee Small, aliyetutoka Juni 2014, aliugeuza udogo wa mwili wake kuwa silaha, hasa akiwa na Chuma Suleiman, Bi Chau. Fundi Said, Mzee Kipara wa kikundi cha Kaole, aliyefariki mwaka 2012, alitufundisha utulivu: kukaa kitini na kuwafanya wenye maneno mengi wachekeshe kwa sababu yako. Kwangu mimi, Bi Chau ndiye mlango. Nilipomwona mwanamke akimjibu mwanamume jukwaani kwa kumtazama tu, nilijua nami nina mahali pa kusimama.

Kazi hii ina miiko, na tumeichukua kwa watani. Haturudii maneno ya mtu. Maneno ni mali yake na ya warithi wake, sisi tunaurithi ufundi. Hatuigizi ugonjwa wake wala siku zake za mwisho. Familia ikiwa karibu, tunabisha hodi na kuomba ruhusa, nao mara nyingi hutupa kitu ambacho hadhira haikukijua: alivyokuwa akijizoeza, alichokiogopa kabla ya kupanda. Tukimaliza, tunarekodi kwa simu na kuandika tarehe, mahali na jina kamili la aliyekumbukwa, kwa sababu jina la jukwaani likibaki peke yake, baada ya vizazi viwili hakuna atakayejua alikuwa mtoto wa nani.

Utani pia hausubiri kifo. Watani hutaniana wakiwa hai, na msibani ni mwendelezo tu. Ndiyo maana tunawaigiza walio hai na kuwaalika watazame. Rashid Mwinshehe, Kingwendu, aligombea ubunge wa Kisarawe mwaka 2015 kwa tiketi ya chama cha CUF, na watu wa huku waliomwona kwenye kampeni wanaweza kukusimulia anavyotumia sauti na ukimya. Ushahidi wa namna hiyo ni mali, na wenye nao wanazeeka.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kibaha na Kisarawe waruhusu jambo hili liingie kwenye klabu za sanaa za shule zao. Wenzetu wa chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo, tuko mkoa mmoja. Wanafunzi wenu waje wakae na wazee wetu. Nawe msomaji, mwulize mama au babu yako ni nani aliyemchekesha zaidi ujanani. Akikutajia jina, usiishie hapo. Mwombe asimame akuonyeshe msanii huyo alivyokuwa akiingia jukwaani, kisha simama nawe, ufanye mbele yake mpaka akuambie, "Hapo ndipo penyewe."