Mstari Uliovuka Ukingo wa Lebo

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, unga wa lishe ndio uliotusomesha. Mama yetu alianza kuutengeneza baba alipofariki: mahindi, mtama, ulezi, soya, mchele kidogo, na karanga alizozichagua punje moja moja, kwani karanga iliyoota ukungu huleta sumukuvu, na katika jambo hilo Mama hakuwa na msamaha. Kwa miaka mingi lebo zetu zilikuwa vipande vya karatasi tulivyoviandika kwa mkono baada ya sala ya isha, tukavitumbukiza mfukoni na kuuziba mfuko kwa moto wa mshumaa.

Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa akisomea kompyuta chuoni, ndiye aliyetuletea mashine ya kuchapa lebo, iliyokwisha kutumika, akaahidi kuiandikia programu yeye mwenyewe. Sisi tulidhani kuchapa lebo ni sawa na kuchapa barua. Kumbe mashine hizi hazipokei ukurasa, hupokea amri. Yetu huelewa lugha iitwayo ZPL, ambayo ndani yake kila lebo hufunguliwa kwa alama ^XA na kufungwa kwa ^XZ, na katikati huja maagizo: anzia hapa, andika neno hili, piga mstari pale. Hapa na pale huhesabiwa kwa nukta. Mashine yetu huweka nukta 8 katika kila milimita, kwa hiyo lebo ya milimita 50 kwa 40 ni uwanja wa nukta 400 kwa 320, wala si zaidi.

Tulifurahi mno. Tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi zilijiandika zenyewe; jina la unga likatoka kubwa na jeusi. Lebo za mwanzo, za karatasi ile inayoandikwa kwa joto bila wino, zilififia dukani kwa jua, tukahamia kwenye utepe wa wino na shida hiyo ikaisha.

Ndipo Mama akauliza, "Wanangu, mbona lebo haina Bismillahi?"

Hatukuona ugumu. Mdogo wetu akaandika Bismillahi kwa Kiarabu ndani ya amri, akachapa. Herufi zilitoka zimetengana, kila moja imesimama peke yake, nazo zimepangwa kuanzia kushoto. Mashine haikujua kwamba herufi za Kiarabu hushikana mikono na kubadili umbo kulingana na jirani yake. Mama aliitazama karatasi ile, akaikunja na kuitia mfukoni asiseme neno.

Dawa yake ilikuwa kuacha maandishi na kutuma picha. Kompyuta huyachora maneno kwanza kwa herufi nzuri, kisha huigeuza picha kuwa nukta, nyeusi au nyeupe, pasipo rangi ya kati, na nukta hizo ndizo zinazopelekwa kwa mashine. Picha ya kwanza ilikuwa ndogo, na irabu zake nyembamba zikapotea. Tukaikuza. Zikapotea baadhi. Tukaikuza tena hata kila fat-ha na kasra ikaonekana, na picha ikawa na kimo cha nukta 110 badala ya 30 za mstari wa kawaida. Maandishi mengine yote yakasogezwa chini ili kuipa nafasi. Mama akatabasamu, nasi tukachapa lebo za mifuko 60 usiku uleule.

Mstari wa mwisho wa lebo ile ulikuwa huu: INA KARANGA NA SOYA. Ulikuwa umewekwa nukta ya 280. Baada ya kusogezwa ulifika nukta ya 360, kwenye lebo yenye nukta 320. Mashine haikulalamika. Kilichovuka ukingo haikukichapa, ikaendelea na lebo iliyofuata kana kwamba hakikuwapo, nasi macho yetu yote yalikuwa juu.

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, jirani yetu alibisha hodi akiwa na mfuko wetu mkononi.

"Asalaamu aleikum, Bi Mkubwa. Nakuomba uniambie, unga huu una karanga?"

"Waaleikumu salaam, mwanangu. Unayo, tena imeandikwa."

"Wapi, Mama?"

Mama aliugeuza mfuko mara mbili. Mtoto wa miezi kumi na mmoja, tuliambiwa, alikuwa amevimba midomo na kuota mabaka mwili mzima. Alikimbizwa hospitali kwa bajaji, akachomwa sindano, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu alikuwa amelala akipumua vyema. Nyumba ile ilijua kuwa mtoto haipatani na karanga. Ndiyo maana mama yake alisoma lebo kabla ya kununua.

Tuliizunguka mitaa siku mbili tukirudisha pesa. Tulipata mifuko 41. Mingine ilikuwa imekwisha kuliwa, na mmoja tuliukuta jaani, umechanika, Bismillahi ikiangalia juu kati ya maganda ya ndizi na majivu. Mama aliinama mwenyewe akauokota. Alipofika nyumbani alisema Bismillahi yake ataisoma kwa ulimi anapochanganya unga, kama alivyofanya tangu zamani, na picha ile itolewe.

Mdogo wetu alitaka kuacha kabisa, akisema heri kalamu na karatasi. Hatukumkubalia. Kanuni za Codex, zilizo chini ya FAO na WHO, huitaja karanga miongoni mwa vyakula ambavyo havina budi kutajwa kwenye kifungashio, na kwa mkono pia tuliwahi kuisahau, ila hakuna aliyeumia. Akaiandika upya programu. Sasa onyo huchorwa mwanzo, juu kabisa, herufi nyeupe ndani ya kisanduku cheusi. Yaliyosalia hugawana nafasi inayobaki. Na kabla ya kutuma chochote, programu huhesabu mwisho wa kila mstari na kila picha. Nukta moja ikizidi, haichapi. Lebo ya kwanza ya kila mkupuo husomwa na Mama kwa sauti, neno kwa neno, huku mmoja wetu akifuatisha kwenye daftari.

Mwezi uliofuata tulianza unga wa pili usio na karanga. Mama alikumbuka kwamba kinu ni kilekile, akaagiza hilo nalo liandikwe. Programu ilikataa: mstari mpya umevuka kwa nukta 14. Tukapunguza ua lililokuwa pembeni ya jina, kisha tukaliondoa. Jirani yetu alipokuja, alisimama mlangoni akiisoma lebo kwa kidole, akafika kwenye mstari wa kinu, akaurudisha mfuko mezani.

"Huu bado, Bi Mkubwa," alisema.

Tangu hapo tunatafuta kinu cha pili.