Sinema ya Rafiki na Maswali ya Vijana Wetu

Vijana wa hapa Kasapa, hasa wale wa chuo kikuu, wameniuliza mara nyingi juu ya sinema moja ya Kenya. Wazazi wakisikia habari yake, wengine hunyamaza, wengine hukasirika. Mimi naona afadhali tuizungumze.

Sinema hiyo yaitwa Rafiki. Wanuri Kahiu aliitoa mwaka 2018, akifuata hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Kena, msichana wa Nairobi, amemaliza shule, angojea matokeo ya mtihani, na ataka kuwa muuguzi. Baba yake agombea uchaguzi dhidi ya baba wa Ziki. Wasichana hao wawili wapendana, wala si kama dada na dada. Ziki ndiye amwambiaye mwenzake: Kwa nini muuguzi tu, na daktari waweza? Neno hilo lingalipasa kutoka kinywani mwa mzee.

Mwezi wa Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliikataza, ikichukizwa hasa na mwisho wake wenye matumaini. Septemba Mahakama Kuu iliifungulia kwa siku 7, na majumba ya sinema ya Nairobi yakajaa watu.

Sehemu iliyo nzito ni ile ya majirani. Wanawakuta wasichana hao pamoja, wanawapiga vibaya. Tena mama yake Kena, mtu wa sala, ampeleka mwanawe kuombewa kana kwamba ana pepo. Kanisa lafundisha usafi wa moyo na mwili, nalo halikugeuza fundisho lake juu ya ndoa. Lakini Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2358, yaagiza watu wa namna hii wapokewe kwa heshima na huruma. Basi wale majirani fimbo zao walizitoa wapi? Si humo.

Kijana wa miaka 15 aletaye swali kama hilo amekwisha kulibeba peke yake siku nyingi. Mama mmoja aliniuliza: Mwalimu, mwanangu akiniambia hivyo, nifanye nini? Nikamjibu: Mpe chakula kwanza, kisha msikilize mpaka amalize. Akasema: Baba yake hatakubali. Ni kweli, ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, na kwa akina baba ningali naenda jioni, mmoja mmoja.