Mwanasesere wa Gunzi



Ukitaka kujua watu wa mji wanaishi kwa kazi gani, watazame watoto wao wanavyocheza. Kwetu pwani, mtoto hulifanya kumbi la nazi kuwa dau, akalitweka tanga la karatasi, akalishusha majini. Hapa Nakuru, ninakosomesha chuo mwaka wa ishirini sasa, hakuna bahari wala mnazi. Mvulana wa mjini hukunja waya akaunda lori lenye usukani mrefu, aliendeshe akiwa wima, magurudumu yake yamekatwa katika ndara zilizochakaa. Kwani mji uko kwenye barabara kuu iendayo Uganda, na malori hayakatiki usiku wala mchana. Mtoto wa mfugaji hupanga vijiwe ndani ya boma la vijiti, akavitaja kimoja kimoja: huyu fahali, huyu mtamba, huyu ana mimba. Na msimu wa mavuno, msichana huokota gunzi la hindi, akalivika kipande cha leso na kulibeba mgongoni.

Wala mchezo si jambo la jana. Katika kilima cha Hyrax Hill, nje kidogo ya mji, alipochimbua mtaalamu Mary Leakey mwaka 1937, pana mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Kutoboa jiwe ni kazi ya subira. Aliyeifanya hakuuona mchezo kuwa upuuzi.

Nayasema haya kwa sababu ya baba mmoja aliyenijia baada ya swala ya Alasiri, mkononi ana mwanasesere wa gunzi aliyempokonya bintiye wa miaka sita. Alikuwa ameambiwa kwamba hiyo ni sanamu, na nyumba yenye sanamu hawaingii malaika. Alitaka kujua kama amchome moto. Mtoto alikuwa nje, analia.

Nilimjibu kwa yaliyothibiti. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Wenziwe walipojificha kwa kumstahi Mtume, yeye aliwarudisha kwake wacheze naye. Katika Sunan ya Abu Daud, Mtume aliona kati ya wanasesere hao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Alipouliza, Bibi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Naye Bibi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) amesimulia kuwa siku ya Ashura waliwafungisha watoto wao, wakawatengenezea vichezeo vya sufu, mtoto akililia chakula, hupewa kichezeo mpaka wakati wa kufuturu. Kwa hiyo wanazuoni wengi, ijapokuwa wapo waliokhitalifu, wamevitoa vichezeo vya watoto katika katazo la sanamu, kwa kuwa ni sehemu ya malezi.

Baba yule alitoka, akamrudishia mwanawe.

Wazazi wenzangu, mtoto anayebembeleza gunzi anajifunza huruma atakayowalea nayo wajukuu wetu. Tukimpokonya kwa jina la dini, atakua akidhani dini ni mkono wa kupokonya. Likizo hii, mtafutieni kitambaa na uzi, mkae naye mshone pamoja.

Wallahu aalam. Mola atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.