Umati Haupigi Kura

Balozi wa nyumba kumi aliyemfundisha kazi mwenezi mmoja wa CCM alizikwa Songwa, wilayani Kishapu, mwaka 2023, na kaburi lake lilichimbwa na vijana wa vyama vyote. Mwakilishi wa chama aliyepewa nafasi ya kutoa rambirambi alisoma kwenye simu sifa ndefu za viongozi wa juu, akataja jina la marehemu mara moja, akaketi. Mwenezi huyo, sasa mstaafu, aliyekuwa mkekani na wazee wenzake, alikasirika. Alikuwa ameachia nafasi yake katika uchaguzi wa ndani wa CCM wa mwaka 2022, akiwa na nia ya kunyamaza. Rambirambi ile ndiyo iliyomshikisha kalamu. Katika kumbukumbu hizi anajiita Mwenezi tu, na mwalimu wake anamwita Balozi, kama alivyomwita maisha yake yote.

Utoto wake hauhitaji kurasa nyingi. Alizaliwa Songwa mwaka 1959, mtoto wa mkulima wa pamba, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940. Usiku taa za mgodi zilionekana toka mbali, na nyumba za wazazi wake zilikuwa za koroboi. Alimaliza shule ya msingi, akahamia na familia kwenye kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji ya 1974, akajifunza ufundi baiskeli Maganzo. TANU na ASP zilipoungana Februari 5, 1977, naye akiwa kijana wa miaka 18, alichukua kadi ya chama kipya, CCM, kwa sababu kila mtu wa rika lake alichukua.

Siasa yenyewe ilimfuata kwenye benchi la ufundi. Balozi alikuwa mteja. Akisubiri pancha izibwe, alikuwa akiwauliza wateja wengine habari zao: pamba umepeleka gulio gani, karani amekulipa, lambo la kwenu bado lina maji? Hakuhubiri chochote. Mwenezi alichukua muda kutambua kwamba mzee yule hapo alipoketi alikuwa kazini.

Kazi hiyo Balozi aliianza kabla ya Uhuru, kwenye mizani ya pamba. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kilo, na harakati za ushirika zilizoongozwa na Paul Bomani zilipata nguvu zake za kwanza kwenye lalamiko hilo. Vijana waliojua kusoma namba waliwekwa kando ya mizani kuangalia mshale unasimama wapi. Balozi alikuwa mmoja wao. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, maarufu kwa jina la VFCU, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika.

Kumbuka hali ya wakati huo. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, lakini serikali ya kikoloni ilizuia matawi yake kusajiliwa katika Jimbo la Ziwa hadi 1958. Chama hakikuwa na jukwaa wala ofisi Usukumani. Kilichokuwepo ni foleni ya wakulima na magunia yao, na vijana waliojua kusikiliza. Neno uhuru lilipofika, lilimkuta mkulima ambaye tayari alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mizani ikisimamiwa na mwenzake, gunia lilelile linaongezeka kilo. Ndiyo maana mwaka 1958, watu wa Geita walipogomea baraza la mseto wa rangi la wilaya walilolazimishwa, maelfu walikuwa tayari kutembea kwa miguu hadi Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Balozi alisema hakuna hotuba moja inayoweza kumtembeza mtu Geita hadi Mwanza. Watu wale walikuwa wamezungumziwa mmoja mmoja kwa miaka.

Kutokana na miaka ile alijiwekea utaratibu, na baada ya TANU kuanzisha mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960 akawa mmoja wao, akautumia kwenye shina lake mpaka mwisho.

Kwanza, unauliza kabla hujasema. Unafika kwa mtu, unaamkia “mwangaluka, mayu”, unakaa mpaka ukaribishwe, na swali lako la kwanza linahusu mambo yake. Pili, unaondoka na jambo moja tu, lile alilolirudia mwenyewe. Ukiondoka na mambo matano hujasikiliza. Tatu, unaporudi na jibu, jibu hilo liwe na kitu ambacho msikilizaji anaweza kukipima yeye mwenyewe, na liwe na mtu wa kulibeba. Balozi hakuruhusu sentensi kama “chama kitainua zao la pamba” itamkwe kwenye shina lake. Alitaka isemwe hivi: malipo ya msimu uliopita bado hayajatoka, Jumatano katibu wa ushirika atakuwa hapa chini ya mwembe, njoo na stakabadhi yako umuulize.

“Mtu akishindwa kukushika uongo,” alikuwa akimwambia Mwenezi, “basi hujamwambia kitu.”

Utaratibu huo ulipata mtihani mkubwa mwaka 1995. Sheria ya vyama vingi ilikuwa imeanza kazi Julai 1992, na sasa uchaguzi mkuu wa kwanza chini yake ulikuwa mlangoni. John Cheyo wa UDP, mwana wa Bariadi, wilaya iliyokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, aliingia uwanjani na neno moja: mapesa. Watu wakamwita Bwana Mapesa. Wasemaji wengi wa CCM walilicheka neno hilo, wakajibu kwa habari za amani na utulivu, huku wakikumbusha damu iliyomwagika Rwanda mwaka mmoja kabla.

Balozi hakucheka. Aliwaita vijana wa tawi, akawaambia warudi kwenye nyumba walizokwishapita wakaulize kwa nini neno lile limekaa midomoni mwa watu. Majibu yalikuja wazi. Katika nchi ya wakulima wa pamba, ambako malipo yalikuwa yakichelewa na ushirika ukiyumba, mapesa lilikuwa jina la deni ambalo mkulima alikuwa akilidai. Cheyo alilitaja deni. Wapinzani wake walizungumzia jambo lingine. Kwa nchi nzima alipata karibu asilimia 4 ya kura za urais, lakini chama chake kiliingia bungeni kwa kura za Wasukuma, naye mwenyewe baadaye akawa mbunge wa Bariadi Mashariki kwa miaka mingi. Mwenezi anaamini mpaka leo kwamba hakuna neno la kampeni lililochaguliwa vizuri kuliko lile katika ukanda huu, na analisema hilo akiwa mwana CCM.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza ubishi uliochukua sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, ubishi wa umati.

Usukumani umati una heshima ya peke yake. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huhama kwenda upande unaowavutia. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna sanduku wala karani. Kijana aliyekulia kwenye uwanja huo akiingia kwenye siasa anakibeba kipimo kilekile: akiona watu wamefurika anajua ameshinda. Mwaka 2005 Freeman Mbowe wa Chadema alizunguka nchi kwa helikopta na maelfu wakakimbilia viwanja kuiona ikitua. Kura zilipohesabiwa, Mbowe alipata asilimia 5.88, Jakaya Kikwete asilimia 80.28.

Kwenye machimbo ya Geita hali ni ngumu zaidi. Dhahabu ikitoka mahali, rashi inavuta watu kutoka Shinyanga, Tabora, Kigoma na Mara ndani ya siku chache. Mwanasiasa akipita Rwamgasa au Nyarugusu anakuta kijiji kimejaa vijana wenye pesa ya jana na hasira ya leo, na mkutano wake unakuwa mkubwa kuliko wa mjini. Lakini mpiga kura anapiga kura kwenye kituo alichojiandikisha. Wengi waliopiga makofi pale kadi zao ziko kwa mama zao, mikoa mitatu mbali, na siku ya kura watakuwa ndani ya duara la kuchimbia au wamekwishafuata rashi nyingine. Mwenezi alikuwa akiwauliza wachimbaji swali moja kabla ya mengine yote: umejiandikisha wapi?

Mwaka 2010 ubishi huo ulifika kwenye meza ya timu ya mgombea mmoja ambaye hatamtaja. Meneja wa kampeni alikuja kutoka nje ya wilaya na fuso lenye spika, wasanii, na karatasi ya ujumbe iliyoandikwa tayari. Karatasi ilisema maji ya Ziwa Victoria yamefika. Ni kweli, mradi ule mkubwa, uliosukumwa sana na Edward Lowassa alipokuwa Waziri wa Maji, ulizinduliwa mwaka 2009 na kufikisha maji Shinyanga na Kahama. Lakini fuso lilikuwa linaelekea vitongoji ambavyo bomba lilikuwa halijafika, likawatangazie akina mama walioshika ndoo kwamba wana maji.

Balozi na Mwenezi walipendekeza jambo dogo: semeni bomba limeishia wapi, kinachobaki ni nini, na nani ataulizwa. Meneja akajibu kwamba kampeni si semina. Fuso likaenda. Kwenye kitongoji kimoja mama mzima aliinuka na ndoo yake, akaomba aonyeshwe koki. Muziki ukafunguliwa. Mwenezi anataka iandikwe kwamba Balozi alikwenda kwa mama yule kesho yake, akiwa peke yake, akamweleza ukweli wa bomba. Timu ile haikujua.

Mwaka huohuo, Shinyanga Mjini, Stephen Masele wa CCM alitangazwa mbunge kwa kumzidi Philip Shelembi wa Chadema kwa kura moja. Mwenezi alikuwa akisimulia habari hiyo kwenye semina, na kila mara alisimama hapo akasubiri waliohudhuria wafikirie nyumba ambayo hawakuifikia.

Balozi alikuwa mkali kuhusu takrima pia. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu ukarimu wa kimila wakati wa kampeni, na chini ya mwavuli huo zikagawiwa kanga, chumvi na pilau mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta takrima mwaka 2006. Hoja ya Balozi haikuwa ya kimaadili peke yake. Alisema mtu uliyempa chumvi hatakwambia tena kinachomuuma. Atakwambia unachotaka kusikia ili chumvi irudi. Unakuwa umemnyamazisha mtu uliyetumwa kumsikiliza.

Kuna mambo mawili ambayo Mwenezi hakukubaliana na mwalimu wake, na kifo hakijayamaliza. Balozi alidharau ngoma kwenye siasa. Mwenezi anasema nyimbo ndizo zilizobeba habari za TANU na za ushirika kwenye vijiji ambako matawi yalikatazwa, na wimbo wa Kisukuma uliotungwa na mtu wa hapohapo bado unafika mahali ambapo hotuba haifiki. La pili ni zito zaidi. Balozi yeyote wa nyumba kumi anayejua nani ana mgonjwa ndani anajua pia nani hakuja mkutanoni. Daftari lake lilelile linaweza kuwa sikio au kitisho. Balozi aliamini kwamba tabia ya mtu inatosha kulizuia. Mwenezi, ambaye ameona mashina mengine, haamini hivyo. Anaona kinachozuia ni mshindani wa kweli upande wa pili wa barabara, ili mwananchi akikerwa awe na pa kwenda.

Ndipo anapopandisha sauti kwa vijana. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2020 wabunge 28 walipita bila kupingwa. Toka katikati ya 2016 hadi Januari 2023, Rais Samia alipoondoa zuio, mikutano ya hadhara ya vyama nje ya kampeni ilikuwa imefungwa. Wenzake walishangilia. Yeye aliona vijana wa tawi wakikua bila kuwahi kumshawishi mtu hata mmoja. Mgombea asiye na mpinzani hahitaji mwenezi. Anahitaji mpiga picha.

Nafasi iliyoachwa ikajazwa na machawa. Kijana anaamka anapanda kwenye kundi la WhatsApp, anamsifu mkubwa, anatuma picha ya mkubwa, anasubiri nauli. Wewe uliyevaa shati la kijani, Mwenezi anaandika, taja nyumba kumi za jirani zako na kinachomsumbua kila mmoja. Huwezi? Basi hujaanza kazi. Na wewe wa upinzani unayehesabu waliotazama video yako, walioitazama Dar es Salaam hawatapiga kura Kishapu. Nenda Maganzo ukaulize bei ya choroko.

Amepeleka pendekezo kwenye kamati ya siasa ya kata: kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029, kila balozi apite nyumba zake, aandike jambo moja kwa kila kaya, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji mbele ya vyama vyote. Jina la mwenye kaya lisiandikwe. Wajumbe waliahirisha ajenda, kisha wakasema hakuna posho. Ameanza bila posho, kwenye vitongoji vya karibu, akiwa na vijana wachache waliojitolea, mmoja wao mwana Chadema. Wamemuuliza kama wanaweza kuandika kwenye simu badala ya daftari. Amekubali, kwa sharti kwamba hakuna anayepiga picha ya mtu wala ya nyumba yake.